Seva ya Ofisi Ndogo: Kununua ni Siku Moja, Kutunza ni Kila Siku

  Ndugu msikilizaji, kama bado uko dukani unafunga hesabu za leo, endelea taratibu huku redio ikiwa karibu, maana mazungumzo ya leo yanakuhusu wewe hasa. Nawasalimu wa Ngara mjini, Murgwanza, Rulenge, Kabanga na Rusumo. Nawasalimu wa Biharamulo mjini, Nyakahura, Lusahunga na Nyakanazi. Na dereva uliyeegesha lori pale Benaco ukisubiri kuvuka kesho, karibu nawe tuzungumze.

Leo tunazungumzia seva, ile kompyuta inayowekwa pembeni ofisini ili kompyuta nyingine zote ziitegemee. Tafadhali usibadilishe stesheni ukidhani hizi ni habari za mabenki ya Dar es Salaam. Ofisi ya wakala wa forodha yenye kompyuta nne pale Kabanga inahusika. Duka la dawa la jumla lenye kaunta mbili na stoo nyuma linahusika. Shule binafsi inahusika, SACCOS inahusika, zahanati ya dini inahusika, na nyumba ya wageni ya Nyakanazi yenye mapokezi, jiko na baa nayo inahusika. Neno langu la leo ni moja, na nitalirudia: seva hununuliwa siku moja, lakini hutunzwa kila siku. Atakayelipa siku ya kununua akazisahau siku zinazofuata, atakuwa amenunua sanduku tu.

Tuanze na swali. Kwa nini mfanyabiashara mdogo ahangaike na kitu hiki? Wazee walituambia mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari limehamia kwenye kompyuta, na hilo ni jema. Lakini limehamia vipi? Tazama ofisi nyingi zetu. Ankara ziko kwenye kompyuta ya keshia. Orodha ya bidhaa iko kwenye flashi anayotembea nayo mtu wa stoo. Mishahara iko kwenye simu ya bosi. Mikataba iko kwenye kompyuta ya mhasibu, na mhasibu ameenda msibani Kibondo. Ukiuliza orodha ya bei ya karibuni iko wapi, unapewa tatu, na hakuna anayejua ipi ndiyo yenyewe. Daftari lipo, lakini limechanwa kurasa na kila mtu ameshika zake.

Seva inazikusanya kurasa hizo. Fikiria ghala la chama cha msingi cha wakulima wa kahawa. Kila mkulima analeta gunia lake, linapimwa, linaandikwa, linawekwa mahali panapojulikana, na ufunguo anao mtunza ghala. Hakuna mkulima anayelala na kahawa ya mwenzake chini ya kitanda. Seva inafanya hivyo kwa mafaili: yote yanakaa mahali pamoja, kila mfanyakazi anayafikia akiwa kwenye meza yake, na kuna mtu mmoja anayewajibika kwa usalama wake.

Je, kila biashara inahitaji seva? Hapana, na hili nataka niliseme wazi ili mtu asije akaingia gharama bure. Kama una kompyuta moja tu dukani, huna haja ya seva. Unahitaji diski ya nje ya kuhifadhia nakala, na nidhamu ya kuitumia. Haja inaanza pale ambapo watu watatu, wanne au zaidi wanafanyia kazi mafaili yale yale, au wanatumia programu moja ya mauzo kutoka kaunta tofauti. Hapo ndipo kukosa mahali pamoja kunapoanza kula pesa yako.

Najua kuna msikilizaji anayeniuliza: mbona siku hizi watu wanaweka kila kitu kwenye intaneti? Kwa nini nisilipie huduma hiyo kila mwezi nikaachana na habari za kutunza mashine? Swali zuri. Nami nitakujibu kwa tukio ambalo wengi mnalikumbuka.

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za mawasiliano zinazopita chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Hapa Tanzania intaneti ilianguka. Kenya, Uganda na Rwanda nazo ziliyumba. Siku zilizofuata mawasiliano yalikuwa ya kusuasua. Sisi wa Ngara tuko mbali kabisa na bahari, tunapakana na Rwanda na Burundi, lakini waya uliokatika huko baharini ulitufikia mezani. Na usidhani tatizo ni kwamba hatuna miundombinu. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano unafika hapa hapa kwetu. Unavuka kwenda Rwanda pale Rusumo, na kwenda Burundi pale Kabanga. Njia ipo. Lakini mkongo nao unaitegemea bahari, na kati ya mkongo na ofisi yako kuna minara, nyaya, umeme na bando linaloisha.

Sasa fikiria ofisi mbili siku ile. Ya kwanza iliweka kila kitu kwenye intaneti. Asubuhi ya Jumatatu wafanyakazi walifika, wakawasha kompyuta, hakuna orodha ya bei, hakuna deni la mteja, hakuna mkataba. Ya pili ilikuwa na seva yake ndani ya ofisi. Barua pepe haikwenda, kweli. Mfumo wa forodha wa TRA haukufunguka vizuri, kweli. Lakini mafaili ya ofisi yalifunguka kama kawaida, kwa sababu kutoka meza ya keshia hadi kwenye seva ni mita kumi za waya, na waya huo haupiti baharini. Ofisi ya pili iliuza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: tumia vyote viwili. Kazi ya kila siku ifanyike kwenye seva ya ndani. Nakala ya akiba ndiyo uipeleke mbali, iwe kwenye intaneti au kwenye tawi lako jingine. Nitarudi kwenye nakala, maana huko ndiko wengi wanakoumia.

Basi tuijenge seva yenyewe. Tuchukue mfano wa ofisi ya wakala wa forodha pale Kabanga, mpakani na Burundi. Ina watu watano: mkurugenzi, mhasibu, maofisa wawili wa nyaraka na dada wa mapokezi. Kila lori linalopita lina jalada lake: ankara ya mzigo, orodha ya vifurushi, tamko la forodha, stakabadhi za malipo. Je, ofisi hii inunue seva ya mamilioni? La. Kompyuta ya kawaida ya mezani iliyo imara, yenye kumbukumbu ya kutosha na diski mbili, inatosha kabisa kuanzia. Mfumo endeshi unaweza kuwa Windows ya seva, ambayo ina gharama ya leseni, au Linux kama Ubuntu na Debian, ambayo ni bure na haihitaji mashine yenye nguvu nyingi. Chagua ule ambao fundi wako anaujua kweli. Mfumo wa bure usio na anayeujua utakugharimu zaidi ya ule wa kulipia.

Halafu swichi, kile kisanduku kinachounganisha waya za kompyuta zote. Seva iunganishwe kwa waya, usiitegemeze kwenye Wi-Fi. Waya wa shaba wa mtandao unaruhusiwa kwenda hadi mita 100. Zaidi ya hapo mawasiliano yanaanza kukatikakatika. Seva ipewe anwani isiyobadilika ndani ya mtandao, ili kompyuta nyingine ziikute pale pale kila asubuhi. Ofisi nyingi zinaruka hatua hii. Ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti ofisini, ikizimika na kuwaka, inagawa anwani upya, seva inapata nyingine, na ghafla watu wanalalamika kwamba mafaili yamepotea. Hayajapotea. Wanagonga mlango wa zamani.

Na Wi-Fi ya wageni? Itenganishe na mtandao wa ofisi. Dereva anayesubiri nyaraka zake apate intaneti, ni ukarimu. Lakini simu yake isiwe kwenye mtandao mmoja na majalada ya wateja wako. Ruta nyingi za siku hizi zina sehemu ya wageni. Ni kuiwasha tu.

Mashine ikae wapi? Juu ya meza au rafu, usiiache sakafuni. Sakafuni kuna vumbi la kiangazi, kuna maji ya kudeki, na kuna panya wanaopenda kutafuna waya. Sisi wa milimani tuna bahati moja: hali yetu ya hewa ni ya ubaridi, kwa hiyo ofisi ndogo ya Ngara inaweza kuishi bila kiyoyozi kwa ajili ya seva. Inatosha chumba chenye hewa, kinachofungwa kwa ufunguo, na kupuliza vumbi ndani ya mashine kila baada ya miezi michache. Lakini kwenye kabati lililofungwa pande zote, hata Ngara seva itachemka.

Sasa tuje kwenye umeme. Msikilizaji, hapa naomba utege sikio. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo tuliwashiwa umeme kwa majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa kutufikia. Leo kuna mtambo wa maporomoko ya Rusumo, megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi, na fungu letu linasafirishwa hadi kituo cha Nyakanazi. Ni hatua kubwa. Lakini umeme bado unakatika, na unaporudi, wakati mwingine unarudi kwa kishindo. Seva haiogopi giza. Inaogopa kuzimwa katikati ya kuandika. Mafaili yanayoandikwa muda ule, hasa ya programu ya mauzo, yanaweza kuharibika kabisa.

Dawa yake ni UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme kwa dakika chache. Wengi wanayo. Lakini je, wanaitumia ipasavyo? Kazi ya UPS ndogo ni kukupa muda wa kuzima kwa utaratibu. Si kwa ajili ya kuendelea kufanya kazi saa nzima. Nyuma ya UPS nyingi kuna tundu la waya wa USB. Unganisha waya huo kwenye seva, weka programu yake, na umeme ukikatika seva itajizima yenyewe kabla betri haijaisha, hata kama ni saa nane usiku na ofisi imefungwa. Waya wenyewe mara nyingi huja ndani ya boksi, na mara nyingi hubaki humo humo. Nenda kautafute. Tena kumbuka betri ya UPS inazeeka. Baada ya miaka miwili mitatu ijaribu: chomoa umeme makusudi, jioni, watu wakiwa wameshahifadhi kazi, uone inashika dakika ngapi. Usisubiri TANESCO wakufanyie jaribio hilo.

Na radi je? Ukanda wetu huu wa Maziwa Makuu una radi nyingi, na msimu wa mvua kila mtu anajua habari zake. Radi haiingii kwa waya wa umeme peke yake. Inaingia pia kwa waya wa mtandao unaotoka jengo moja kwenda jingine, au unaoshuka kutoka antena ya paani. Hakikisha jengo lina waya wa ethi unaofanya kazi kweli, uliopimwa na fundi umeme mwenye leseni. Na kama una majengo mawili, yaunganishe kwa faiba badala ya waya wa shaba. Faiba ni kioo, haipitishi umeme wa radi. Shule na zahanati zenye majengo yaliyotawanyika, hili ni lenu.

Tunaendelea. Seva imewaka, umeme umetulia. Sasa nani aingie wapi? Rudi nami Kabanga. Tunatengeneza folda chache zenye majina yanayoeleweka: Majalada ya Mizigo, Hesabu, Utumishi, na Fomu za Kawaida. Maofisa wa nyaraka wanasoma na kuandika kwenye Majalada ya Mizigo, lakini Hesabu hawaioni. Mhasibu anaandika kwenye Hesabu, na kwenye Majalada anasoma tu. Dada wa mapokezi anafungua Fomu za Kawaida, anachapa, anampa mteja. Folda ya Utumishi anaiona mkurugenzi na mhasibu. Kila mtu ana jina lake la kuingilia na nywila yake.

Narudia: kila mtu na yake. Ofisi ambayo watu watano wanatumia jina moja na nywila moja iliyobandikwa ukutani, siku faili likifutwa hakuna atakayejua nani alilifuta, na lawama itamwangukia mnyonge. Kutenganisha majina kunamlinda mfanyakazi mwaminifu kabla hata ya kumlinda bosi. Na mfanyakazi akiondoka, hata kama mmeagana kwa pilau na soda, jina lake lifungwe siku hiyo hiyo. Hakuna ubaya wowote, ni utaratibu.

Jina kuu la msimamizi, lile lenye uwezo wa kubadili kila kitu, lisitumike kwa kazi za kila siku. Mkurugenzi ndugu yangu, najua unajisikia kuwa na haki ya uwezo wote kwa sababu ofisi ni yako. Lakini ukifungua kiambatisho chenye virusi huku umeingia kwa uwezo wote, na virusi navyo vinapata uwezo wote.

Sasa tufike kwenye kiini. Tumeshakubaliana kwamba seva hununuliwa siku moja na hutunzwa kila siku. Ukiniuliza katika kutunza huko ni jambo gani moja nisiloweza kulisamehe likikosekana, nitakujibu bila kusita: nakala ya akiba. Akiba haiozi.

Kuna dhana inayowaumiza watu. Fundi anakuambia, bosi, seva hii ina diski mbili, kila kinachoandikwa kwenye moja kinaandikwa na kwenye ya pili, kwa hiyo uko salama. Ni kweli, uko salama diski moja ikifa. Lakini mfanyakazi akifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kwenye diski zote mbili, papo hapo. Virusi vikifunga mafaili, vinayafunga kwenye zote mbili. Mwizi akibeba seva, amebeba diski zote mbili. Diski pacha zinakulinda dhidi ya diski kufa, basi. Nakala ni kitu kingine.

Nakala nzuri ikoje? Iwe zaidi ya moja, na angalau moja iwe mbali na ofisi. Kwa ofisi yetu ya Kabanga, kila usiku seva ijinakili yenyewe kwenye diski ya nje. Ziwepo diski mbili za nje zinazopokezana: wiki hii moja iko ofisini, nyingine imechomolewa na iko Ngara mjini, nyumbani kwa mkurugenzi, imefungiwa. Ijumaa zinabadilishana. Kwa nini ichomolewe? Kwa sababu virusi vinavyofunga mafaili hufunga na kila diski vinayoikuta imechomekwa. Diski iliyolala kabatini haiguswi. Na kwa kuwa diski hiyo inasafiri barabarani, ifungwe kwa nywila, ili ikipotea kwenye Noah, atakayeiokota asisome siri za wateja.

Lakini bado hatujamaliza. Je, umewahi kuirudisha? Ofisi ngapi zina nakala za miaka miwili, na siku ya msiba zikagundua kwamba diski ilijaa miezi saba iliyopita na seva ilikuwa ikinakili hewa? Nakala ambayo hujawahi kuirudisha si nakala, ni matumaini.

Kwa hiyo fanya hivi. Ijumaa moja kila mwezi, chagua faili moja bila mpango. Tuseme jalada la lori la saruji la mwezi uliopita. Chukua ile diski ya akiba, ichomeke kwenye kompyuta nyingine kabisa, lirudishe jalada hilo, lifungue. Soma jina la mteja. Angalia namba ya lori. Angalia jumla ya malipo, ilinganishe na ile ya kwenye seva. Vikilingana, andika kwenye daftari tarehe na jina lako. Visipolingana, umegundua tatizo siku ambayo bado una seva nzima ya kulirekebishia. Kazi yote haizidi muda wa kunywa chai, na inakupa usingizi wa mwezi mzima.

Jambo jingine la kila siku ni masasisho ya programu. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea duniani, kikafunga mafaili katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Uingereza hospitali ziliahirisha miadi ya wagonjwa. Linalouma ni hili: kampuni ya Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lile mwezi Machi, karibu miezi miwili kabla. Waliokuwa wameweka kiraka, kirusi kilishindwa kupenya kwa tundu hilo. Waliosema tutaweka kesho, waliangukiwa.

Najua kilio chenu: bando ni ghali na masasisho yanakula bando. Ndipo seva inapokusaidia tena. Inaweza kupangwa ipakue masasisho mara moja usiku, kisha iyagawie kompyuta nyingine kupitia waya wa ndani. Badala ya kompyuta tano kupakua kitu kile kile mara tano, imepakua moja. Na kama ofisini kwako bado kuna Windows 10, jua kwamba Microsoft ilikoma kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Matundu yanayogunduliwa sasa hayatazibwa kwa masasisho ya kawaida ya bure. Panga kuhama.

Na tafadhali, usikubali fundi aache mlango wa seva wazi kwenye intaneti eti ili aweze kuingia akiwa Mwanza au Kahama. Kuna programu zinazotafuta milango ya namna hiyo usiku na mchana dunia nzima, na haziulizi kama wewe ni mkubwa au mdogo. Kama ni lazima aingie akiwa mbali, aingie kwa VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa kwa wengine, yenye nywila yake mwenyewe, na ukijua ameingia.

Nigusie sheria kwa kifupi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Kama seva yako ina majina ya wateja, namba zao za simu, vitambulisho vyao, majibu ya vipimo vyao vya maabara au madeni yao ya SACCOS, basi umekabidhiwa taarifa za watu na unawajibika kuzilinda. Sheria inawataka wanaokusanya taarifa za namna hiyo wajisajili kwenye Tume. Mamlaka ya kodi nayo inataka kumbukumbu zako zitunzwe kwa miaka 5. Ukiitazama hivyo, kutunza seva ni wajibu wa kisheria pia.

Lakini tuache sheria kidogo, tumfikirie mtu. Mama mmoja kutoka kijijini amekwenda kupima zahanati, majibu yake yakaandikwa kwenye kompyuta. Hajui seva ni nini, wala hapaswi kujua. Ameamini tu kwamba siri yake iko salama na kwamba akirudi mwezi ujao kumbukumbu zake zitakuwepo. Imani hiyo ndiyo tunayoitunza. Mimi naiona ni amana, na amana haichezewi.

Sasa swali la mwisho, na ni zito: nani atayafanya haya yote? Ofisi ndogo haiwezi kuajiri mtaalamu wa kudumu. Ni kweli. Lakini inaweza kumteua mtu. Mteue mfanyakazi mmoja makini, mpe jukumu kwa jina na kwa maandishi, na umwongezee chochote kwenye mshahara, maana umemwongezea kazi. Kila asubuhi aangalie mambo matatu: seva imewaka, nakala ya jana usiku imekamilika, diski ina nafasi. Fundi wa nje aje mara chache kwa kazi kubwa. Na fundi huyo si lazima atoke mbali. Tuna vijana wetu waliosoma TEHAMA, wamerudi nyumbani, wanatafuta wa kuwaamini. Wapeni kazi.

Halafu liwepo daftari la seva, la karatasi kabisa. Ndani yake liandikwe seva ilinunuliwa lini, anwani yake ni ipi, nani ana ruhusa gani, nakala ziko wapi, kilichobadilishwa, tarehe na aliyebadilisha. Nywila kuu iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, ndani ya kasiki. Na mtu wa pili ajue namna ya kuwasha, kuzima na kurudisha nakala. Yule wa kwanza ataugua, ataolewa Bukoba, atapata kazi kwingine. Ofisi haipaswi kusimama kwa sababu ya kichwa cha mtu mmoja.

Msikilizaji, muda unatukimbia, tukumbushane kabla hatujaagana. Weka mafaili ya ofisi mahali pamoja, kwenye mashine ya kawaida iliyo imara. Ikinge na umeme kwa UPS iliyounganishwa waya wake, na radi kwa ethi iliyopimwa. Mpe kila mtu jina lake na nywila yake. Weka masasisho. Weka nakala mbali na ofisi, na uirudishe uone kama inafunguka. Mteue wa kuangalia kila asubuhi, na wa pili anayejua.

Kama hayo yote yanaonekana mengi, usianze na yote. Anza kesho na moja: kabla hujafungua duka, muulize mwenye kompyuta pale ofisini, nakala yetu ya mwisho ni ya lini, na iko wapi? Akikujibu kwa tarehe na mahali, mshukuru mbele ya wenzake. Akisita, umeshajua kazi yako ya kwanza ya wiki hii, na kazi hiyo inamalizika kwa diski moja ya nje na saa chache za jioni.

 Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumza kuhusu namna ya kuchagua programu ya mauzo inayoendana na duka lako. Mpaka hapo, nawatakia usiku mwema Ngara, usiku mwema Biharamulo, na biashara njema kesho.